Maisha ya Mchungaji Bodelschwingh, na Asili ya Nyumba ya Lutindi

Juu ya bonde la Luengera, katika milima ya wilaya ya Korogwe, iko hospitali ya Lutindi. Watu wa Korogwe na Handeni huijua sana, maana wako wengi waliopata kumpeleka huko ndugu au jirani aliyepotewa na akili, nao hawajaisahau njia yake ya kupanda. Lakini ukiwauliza ni nani aliyeileta fikira ya nyumba ya namna hiyo, watakujibu kwamba ni Wajerumani, kana kwamba Wajerumani wote walikuwa mtu mmoja. Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mmoja wao, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel. Yeye mwenyewe hakukanyaga nchi yetu hata siku moja. Hata hivyo mengi tuyaonayo katika sharika zetu, yaliyo mema na yaliyo pungufu, yalianza nyumbani kwake.

Twamweleza pia kwa sababu ya jambo lililo mbele yetu siku hizi. Usharika mmoja una mitaa kadhaa, na mchungaji ni mmoja. Jumapili moja yuko hapa, Jumapili zinazofuata yuko kwingine, na mvua ikinyesha pengine hafiki popote. Mwinjilisti ndiye aongozaye ibada, wazee ndio watembeleao wagonjwa, akina mama ndio wajuao ni nyumba ipi haijapika tangu jana. Mambo yakiwa hivyo, watu huuliza kazi ya kanisa ni ya nani, tena shauri la kanisa ni la nani. Hayo ni maswali mawili, ingawa husemwa kama moja. Bodelschwingh alilijibu la kwanza vizuri kuliko wengi wa siku zake. La pili hakulijibu, nasi hatutaficha jambo hilo kwa sababu ya kumheshimu.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg katika jimbo la Westfalia, upande wa magharibi wa Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Ukoo wake ulikuwa wa watu wakubwa. Baba yake, Ernst, alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia mpaka machafuko ya mwaka wa 1848 yalipomtoa katika kazi yake. Mtoto Friedrich alicheza huko Berlin pamoja na mwana wa mfalme aliyekuwa rika lake, ambaye baadaye alikuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Basi alizoea tangu utoto kuingia katika nyumba za wakubwa bila kutetemeka, na mazoea hayo yalimfaa sana alipokuwa mzee, maana alikwenda kwao mara nyingi kuwaombea maskini fedha.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kanisa. Alijifunza ukulima, akawekwa kusimamia shamba kubwa huko Pomerania. Huko aliwaona vibarua kwa karibu, jinsi ujira wao ulivyokuwa haba na jinsi pombe kali ilivyowala. Alikuwa na desturi ya kuwagawia watoto wa vibarua vijitabu vya habari za misioni. Kijitabu kimoja kilieleza habari za mtoto maskini wa Kichina. Naye alipokisoma, moyo wake ukachomwa, akaazimu kuacha ukulima ili awe mmisionari. Twaona kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa: nyavu ilitupwa kwa watoto, ikamnasa mvuvi. Mwaka wa 1854 akaenda Basel kusoma elimu ya Mungu, kisha akaendelea na masomo Erlangen na Berlin.

Hakutumwa Uchina wala Uhindi. Mwaka wa 1858 alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Walikuwako huko Wajerumani maskini kwa maelfu, waliohama vijiji vyao kwa kukosa ardhi, wakifagia barabara za mji ule na kuokota matambara. Watu wa mjini waliwadharau, na kanisa la kwao lilikuwa limewasahau. Bodelschwingh alianza na watoto wachache, kisha wazazi wakafuata, na mwisho pakajengwa shule na kanisa juu ya kilima. Alioa mwaka wa 1861, akamwoa binamu yake Ida. Mwaka wa 1864 wakarudi kwao, naye akawa mchungaji wa usharika wa mashamba uitwao Dellwig, katika Westfalia.

Yatupasa kusimama kidogo hapa Dellwig. Mwezi wa Januari mwaka wa 1869 ugonjwa uliingia katika nyumba ya mchungaji. Mchungaji na mkewe walikuwa na watoto wanne, wote wadogo. Katika muda wa majuma mawili hivi wote wanne wakafa, mmoja baada ya mwingine. Wasomaji wetu wengi wamezika watoto, wala hatuna haja ya kuwaeleza nyumba ile ilivyokuwa baada ya kaburi la nne. Mchungaji aliandika kijitabu juu ya maisha na kufa kwa watoto wake, nacho kilisomwa na watu wengi waliofiwa. Baadaye alikiri kwamba katika siku zile aliuona ugumu wa mkono wa Mungu, na kwamba toka hapo ndipo alipopata kuwahurumia watu kwa kweli. Mungu aliwapa watoto wengine wanne. Mmoja wao, Gustav, alikuja Afrika ya Mashariki kuwa mmisionari, na aliporudi kwao aliwafundisha maskini wa kijiji cha Dünne kujijengea nyumba za udongo, ujuzi ambao mwanzo wake aliuona huku kwetu. Twapenda jambo hili likumbukwe, kwa kuwa katika habari za misioni husemwa kila mara waliyoyaleta wao, na si mara nyingi husemwa waliyoyachukua.

Mwaka wa 1872 aliitwa Bielefeld. Nje ya mji huo palikuwa na nyumba ndogo iliyofunguliwa mwaka wa 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na karibu yake nyumba ya masista iliyoanzishwa mwaka wa 1869. Akawekwa kuwa mkuu wa nyumba zote mbili. Ile ya wagonjwa ikaja kuitwa Bethel, ya masista ikaitwa Sarepta. Mwaka wa 1877 ikaongezwa nyumba ya tatu, Nazareti, ya mashemasi wanaume.

Huku kwetu, kama ilivyokuwa kwao, watu wamemwogopa sana mwenye kifafa. Akianguka motoni huachwa aungue, kwa kudhani kwamba povu lake laambukiza. Sivyo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala mtu hauambukizwi kwa kumshika mgonjwa au kula naye sahani moja, na leo ziko dawa za kuuzuia. Siku za Bodelschwingh dawa zilikuwa chache na dhaifu, na mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma, hana shule, hana kazi, hana mchumba. Yeye aliona kwamba ugonjwa ulimwumiza mtu mara moja kwa juma au kwa mwezi, bali uvivu wa kulazimishwa ulimwumiza kila siku. Basi akaanzisha kazi. Palikuwa na mashamba na ng'ombe, karakana za useremala na za ushonaji, na nyumba ya kuoka mikate. Kila mgonjwa alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Asiyeweza kushika jembe alipewa kuchambua stempu za barua. Kazi hiyo ya stempu ilianza mwaka wa 1888: watu wa nchi nzima walipeleka Bethel stempu zilizokwisha kutumika, nao wagonjwa wakazitenga na kuzipanga ziuzwe. Kazi ndogo kiasi hicho! Lakini aliyekuwa mzigo nyumbani kwao sasa alikuwa na meza yake, na asubuhi akikosa kufika palikuwa na mtu wa kumwulizia.

Kisha palikuwa na makusanyo ya vipande. Jina hilo alilitoa katika habari ya Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano, akawaamuru wanafunzi wavikusanye vipande vilivyosalia. Watu walipeleka Bethel nguo kuukuu, viatu vilivyotoboka, saa zisizokwenda, viti vyenye mguu mmoja pungufu. Wagonjwa walivitengeneza, na kilichotengenezeka kikauzwa kwa bei ndogo au kikapewa maskini. Katika sharika zetu za mashambani, ambako mtu mara nyingi huona haya kuleta kuku mmoja au kikapu cha mahindi kwa kuwa mwenzake ameleta noti, habari hii yafaa isomwe polepole.

Lakini jambo tunalolipenda kuliko yote ni aproni ya buluu. Vijana waliomaliza masomo ya uchungaji walifika Bethel wakiwa na elimu nyingi ya vitabu, Kiebrania na Kiyunani. Bodelschwingh hakuwapandisha mimbarani. Aliwavika aproni ya buluu ya mwuguzi, akawaweka chini ya shemasi, yaani mtu asiyesoma nusu ya masomo yao, awafundishe kumwosha mgonjwa, kumlisha, na kukaa naye usiku akishikwa na kifafa. Mchungaji wa kesho alimtii shemasi wa leo. Wengine walichukizwa na kuona kwamba ni kuvunjiwa heshima. Wengine walikumbuka aproni ile maisha yao yote. Katika watu wa shule hiyo ndimo walimotoka wachungaji waliokuja Usambara, na wasomaji wetu walikumbuke neno hilo tutakapofika huko.

Mengine tutayapitia upesi, maana yangejaza kitabu. Mwaka wa 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, mahali ambapo watu waliotangatanga barabarani bila kazi walipewa kazi badala ya sadaka. Mwaka wa 1884 kanisa la Sayuni la Bethel likawekwa wakfu. Alisaidia mafundi wa viwandani kupata nyumba zao wenyewe zenye bustani. Mkewe Ida alifariki mwaka wa 1894. Mwaka wa 1903 alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Prussia, na mwaka wa 1907 ikapitishwa sheria aliyoipigania kwa ajili ya watu wasio na makao. Mwaka wa 1905 ilifunguliwa shule ya elimu ya Mungu huko huko Bethel. Alikuwa mwombaji hodari. Alipokea fedha za kaisari na senti za watoto wa shule, na zote aliziandikia barua ya shukrani.

Sasa tuje Afrika. Mwaka wa 1886 ilianzishwa Berlin jumuiya ya misioni kwa ajili ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Ukweli ni kwamba haikuanza vizuri. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Karl Peters, mtu ambaye jina lake halina harufu njema katika nchi hii, na wengi wao walitaka misioni iwe mkono wa serikali, ifundishe watu kuwafanyia kazi mabwana wapya. Vyama vya misioni vya zamani huko Ujerumani viliitazama kwa mashaka. Jumuiya ikapungukiwa na watu na fedha, ikamwomba Bodelschwingh masista na mashemasi. Mwaka wa 1890 akaingia katika baraza lake. Toka hapo usukani uligeuka kidogo kidogo. Watu waliotumwa walikuwa watu wa aproni ya buluu, na mambo ya wagonjwa na wasiojiweza yakapewa nafasi ya mbele. Mwaka wa 1906 makao ya jumuiya yakahamishwa kutoka Berlin hata Bethel, na ndiyo sababu baadaye iliitwa Misioni ya Bethel.

Hata hivyo hatusemi kwamba aliikataa dola ya wakoloni. Alikuwa mtoto wa waziri na rafiki wa wafalme. Aliona utawala wa nchi yake juu ya nchi yetu kuwa jambo la halali, akataka uwe na huruma tu. Msomaji wa leo ana haki ya kuliona hilo kuwa ni upungufu.

Mwaka wa 1891 wachungaji Johanssen na Wohlrab walipanda milima ya Usambara, wakajenga Mlalo, mahali walipopaita Hohenfriedeberg. Vikafuata vituo vingine: Mtae, Vuga, Bumbuli. Lutindi ilianza mwaka wa 1896, na asili yake ilikuwa utumwa. Chini ya milima ilipita njia ya misafara, karibu na Mazinde alipokuwa ametawala Semboja, na kwa miaka mingi watu walipitishwa hapo kupelekwa pwani kuuzwa. Utumwa ulipoanza kuzuiwa, walipatikana watoto walionyang'anywa wachuuzi, nao hawakujua kwao wala jina la baba zao. Chama cha Kiprotestanti cha Ujerumani kilichoshughulikia habari za watumwa kikajenga nyumba ya watoto hao Lutindi, na mashemasi wa Nazareti wakaja kuwalea. Miaka ilipopita, watoto wa namna hiyo wakapungua. Nyumba ilikuwapo, walezi walikuwapo. Ndipo mwaka wa 1904 ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya namna yake katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki.

Mwaka wa 1902 reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe, na hivyo mgonjwa aliweza kuletwa kutoka mbali. Kabla ya hapo, mwenye wazimu aliyekuwa mkali alifungwa kwa kamba au minyororo, au alifukuzwa porini; aliyekuwa mpole alichezewa na watoto sokoni. Lutindi ilifuata desturi ya Bethel: nyumba ndogo ndogo, kula pamoja, sala asubuhi na jioni, na kazi za shamba na za mikono. Walinzi na wasaidizi wengi walikuwa watu wa hapa hapa, nao kwa mara ya kwanza waliona Mzungu aliyesoma akimnawisha mwendawazimu. Twaamini kwamba jambo hilo liliingia mioyoni kuliko mahubiri mengi.

Sasa twafika kwenye lile swali la pili. Bodelschwingh aligawa kazi kwa mikono mingi sana. Sista alikuwa na kazi, na shemasi vivyo hivyo, hata mgonjwa wa stempu alikuwa na yake. Lakini shauri hakuligawa. Bethel yote ilimwita Baba, naye alitawala kama baba wa siku zile: kwa upendo, lakini bila kuulizwa. Sista alikwenda alipotumwa. Mashemasi walisikilizwa, kisha neno la mwisho likatoka nyumba ya mchungaji. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na yale mema. Katika Usambara walimu Wasambaa walifundisha katika vijiji, wakatafsiri, wakawaombea wagonjwa, wakabeba barua kutoka kituo hata kituo. Lakini Bodelschwingh alipokufa hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika misioni ile aliyebarikiwa kuwa mchungaji, wala hazina ya kituo haikuwa mikononi mwa wazee. Watu walikuwa wamefundishwa kuchukua mzigo. Kuamua mzigo upelekwe wapi hawakufundishwa.

Alifariki Bethel tarehe 2 Aprili 1910, akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa huko. Mwanawe mdogo, Friedrich, akashika mahali pake.

Miaka minne baadaye vita vikaanza. Katikati ya mwaka wa 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka kando ya mto Pangani, yakazitwaa Korogwe na Handeni, na ilipofika mwaka wa 1920 wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa. Vituo vya milimani vikabaki bila wachungaji wake, na fedha za kutoka Ulaya hazikuja. Kama kazi ya kanisa ingalikuwa ya mchungaji peke yake, ingalikufa mwaka ule ule. Haikufa. Walimu walifungua madarasa, wazee wakaongoza sala, watu wakazika wafu wao kwa imani. Mafundisho ya Bethel kwamba kila mkono una kazi yalionekana kuwa kweli, na yaliyothibitishwa zaidi na wale waliopewa kazi bila kupewa shauri. Lakini ule upungufu nao ulionekana. Palipokuwa na ugomvi juu ya shamba la kanisa au juu ya ndoa, hapakuwa na baraza lililozoea kukata neno. Watu walijifunza kukata neno kwa kukata neno, pengine kwa makosa, na wamisionari waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta watu si wale waliowaacha. Wako waliofurahi. Wako waliotaka mambo yarudi kama zamani, nao walisumbuka, maana maziwa yakimwagika hayazoleki.

Vita vya pili vilipokuja mwaka wa 1939, Wajerumani waliondolewa tena, na Walutheri wa Marekani na wa Uswidi wakasaidia misioni zilizobaki yatima. Sharika zilikuwa zimeijua njia hiyo. Kisha tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja la Tanganyika, ambalo leo ni KKKT. Kanisa la Usambara-Digo lilikuwa mojawapo ya hayo saba, nalo ndilo Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Mtu aliyezaliwa Usambara mwaka wa 1890 na kuishi miaka mingi aliweza kuona kanisa lile lile likiitwa kwa majina manne au matano. Katika kila badiliko walikuwako waliosema kwamba kanisa sasa limekwisha.

Twawaza habari hizi tukiiona mitaa yetu. Handeni ni nchi kavu, vijiji viko mbali, na Walutheri ni wachache katikati ya ndugu Waislamu na Waanglikana, ambao nao wana historia yao ya zamani Kideleko na Korogwe. Kungoja mchungaji awe katika kila mtaa ni kungoja mto upite ndipo uvuke. Mwinjilisti na wazee watakuwa ndio sura ya kanisa kwa majirani wengi. Hilo wengi wamekwisha kulikubali, na akina mama walilikubali kabla ya wengine. Penye ugumu ni mezani. Mzee aitwaye kufagia kanisa, kukusanya sadaka na kupokea wageni wa jimbo, je, aketi pia wakati hesabu inaposomwa, na neno lake lihesabiwe? Mama atembeleaye wagonjwa kumi kwa juma, je, yupo barazani siku wanapoamua fedha za wagonjwa zitumikeje? Mahali pengine yupo. Mahali pengine huambiwa matokeo Jumapili, kama sista wa Sarepta alivyoambiwa na Baba.

Kwa upande mwingine, twaomba wazee wasidhani kwamba kupewa kiti ni kuachiwa aproni. Tumewaona watu waliokuwa wepesi wa kutembelea wagonjwa mpaka walipoingia barazani. Toka siku hiyo wakawa watu wa kusoma ajenda. Mwenye kiti asiyemjua mgonjwa kwa jina hukata neno gizani. Hapa ndipo yule mzee wa Bethel, pamoja na upungufu wake, atushindapo: mtu wa ukoo mkubwa, rafiki wa kaisari, aliwajua wagonjwa wake kwa majina, naye alikuwa na habari ya nani alianguka usiku.

Lutindi yenyewe ingali ikifanya kazi yake. Wagonjwa huja kutoka Handeni na Korogwe, na kutoka mbali zaidi. Wenye nguvu hushiriki kazi za shamba na za mikono kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Marafiki wa Ujerumani wangali wakisaidia. Lakini nyumba ni ya Dayosisi, wauguzi wake ni watu wa nchi hii, na barua ya kuomba ruhusa haipelekwi tena Bielefeld.